Nyuma ya Jiwe Kubwa

Mwenzangu, uko hewani? Nimekwama huku mlimani na sina pa kutokea.

Unaikumbuka ile ramani yangu, ya simu za wapanda mlima waliokubali tufuatilie wanakopita? Na lile doa jekundu nje ya njia, ambapo kila mtu anachepuka na kukaa kidogo? Si niliandika, "Sehemu inayopendwa kuliko zote"? Niliandika nikiwa ofisini, mguu wangu haujawahi kukanyaga huku.

Basi mkurugenzi akalipenda hilo doa. Leo katupandisha wote, wafadhili pamoja na mama mkwe wake, tuweke benchi la kupumzikia.

Tukiwa njiani mwongoza wageni akaninong'oneza, "Dada, pale nyuma ya jiwe ndipo watu wanapojisaidia. Njia nzima hii haina choo."

Wanapojisaidia. Doa zima, mwenzangu. Doa zima.

Nikamwambia, "Kamwambie mkurugenzi." Akacheka. "Mimi? Ramani si yako?"

Nikajikaza nikamfuata mwenyewe. "Bosi, kuhusu lile jiwe..." Akanikata kauli. "Usijishushe bwana. Benchi litaitwa jina lako."

Jina langu. Pale.

Sasa tumefika. Harufu haina haya, ila wafadhili wametulia tuli kama hawana pua. Mama mkwe kajifunika mtandio mpaka machoni. Mkurugenzi anawaambia wafumbe macho, wavute pumzi ndefu.

Na mimi ananiita mbele, niwaeleze watu wanapapendea nini.