Fidla ya Baba Inayosikika Kwake Tu

Malindi,
Unguja.
9 Februari 2025

Mpendwa Ami Sabri,

Shikamoo. Natumai Hamad atakukabidhi barua hii ukiwa mzima huko Maskati, na goti limepata nafuu. Bi Amne je, sukari imetulia? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka, Ami, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Ulisema umeitazama video ya arusi tuliyopiga kule Fumba mara mbili na fidla ya Baba huisikii. Ukauliza kama mitambo yetu mipya ni mibovu. Si mibovu. Kwenye simu nilishindwa kukueleza, maana Baba alikuwa amekaa ubavuni pangu.

Mitambo ya sauti tuliletewa mwezi wa Oktoba, na kuipanga kulinitoa jasho wiki nzima. Vipaza sauti vyote vinaingia kwenye kisanduku kimoja jukwaani, kisha waya mmoja wa mtandao unakuja mpaka kwenye meza yangu. Kwenye kompyuta kila ala nimeipa njia na jina lake: ganuni, udi, fidla ya kwanza, fidla ya pili. Sauti inakwenda ninapoielekeza, kwa kubonyeza tu. Borafya, kiongozi wa kikundi chetu cha taarab, alipoliona hilo akanivuta pembeni.

"Nusrat mwanangu, mzee masikio yashampungua, kila wimbo anakwenda kombo. Njia yake ielekeze kwenye spika yake tu. Ajisikie mwenyewe, watu wasimsikie."

Nilikasirika, kisha nikafanya. Kweli anakosea, mimi ndiye ninayemsikiliza kwenye spika za masikioni, sina la kubisha. Miezi minne sasa Baba anapiga, watu wanawapigia makofi wenzake, naye anainama kushukuru. Tukirudi nyumbani ananiuliza, "Leo nlisikika?" Namjibu, "Ulisikika, Baba." Anafurahi, anaomba chai.

Ningeendelea hivyo hivyo, maana uongo nishauzoea. Lakini ameahidi kuifungua arusi ya mjukuu wako Tahiya, baada ya Idi, kwa fidla peke yake. Hapo hapana pa kumficha. Nikiifungua njia yake ataaibika mbele ya ukoo mzima. Nikiifunga, ukumbi utakaa kimya na yeye anapiga, nami siwezi kumtazama.

Borafya anamwonea haya. Mimi mtoto wake nitaanzia wapi? Wewe ndiye kaka yake, uliyemnunulia fidla ya kwanza. Nakuomba umwambie apumzike, kabla ya Ramadhani.

Mitambo hii inarekodi kila njia mbali mbali, kwa hiyo nimekutilia ya Baba kwenye flashi aliyonayo Hamad. Isikilize ukiwa peke yako. Utavumilia mengi. Lakini katikati ya wimbo wa tatu, kama dakika mbili, anapiga vile vile ulivyokuwa ukimjua. Nililia, Ami, maana na hizo pia nimewanyima watu.

Akikuuliza nani aliyemfungia njia, usimtaje Borafya. Mwambie ni mimi.

Nisalimie Bi Amne, na Tahiya mwambie nguo yake fundi keshaimaliza. Mama anakusalimuni. Baba naye, ingawa hajui kama nakuandikia. Mungu akuhifadhini, atukutanishe arusini kwa kheri.

Mwanao akupendaye,
Nusrat