Droo za Kadi na Seva ya Majina

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama umesahau njia ya kwa dada yako.

Mjomba, Jumatatu hospitalini nimeona jambo ambalo hadi sasa linanisisimua mwili. Asubuhi umeme ulikatika kidogo, uliporudi kompyuta zote zikawa hazimtambui mtu. Mapokezi, maabara, famasia, kote watu walikuwa wanaandika nywila na kukataliwa. Mimi, fundi wao wa kompyuta, nikakimbilia seva kuu. Hiyo ndiyo inayomruhusu mtu kuingia, na ndiyo yenye orodha ya majina: kompyuta ikimtafuta mwenzake humtaja kwa jina, seva ikaijibu kwa namba. Nilipoziita mashine kwa namba, ziliitika. Nilipoziita kwa jina, kimya. Nikakagua nyaya, nikalaumu swichi ya mtandao, nikamlaumu hata fundi umeme, maskini, aliyekuja kubadilisha taa tu.

Wakati huohuo aliletwa mama mjamzito anayevuja damu, hajitambui. Mumewe alikumbuka kwamba miaka ya nyuma sindano moja ya hapohapo kwetu nusura imuue. Sindano gani, hajui. Faili lake lilikuwa masjala, kati ya maelfu yaliyopangwa kwa namba, na namba yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Daktari alisema mgonjwa anaweza kusubiri dakika kumi, si zaidi.

Sista mkuu wa wodi akatoka mbio bila kuaga. Alirudi akiburuta droo zako za kadi, zile za enzi zako za ukarani masjala, kutoka kabati la mashuka. Akalipata jina, akasoma namba kwa mwandiko wako ule mdogo wa penseli, faili likaletwa, dawa ikabadilishwa. Mama yule na binti aliyemzaa wako salama. Nimewaona kwa macho yangu.

Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Jina, namba. Jina, namba. Kumbe kazi ya seva ile wewe umeifanya miaka thelathini na moja, na umeme ukikatika hukuzimika! Nikarudi chumbani kwa adabu mpya, nikaacha kulaumu watu, nikaiuliza seva yenyewe: majina unamuuliza nani? Ikanijibu kwamba inauliza kampuni ya intaneti huko nje, watu wasiojua hata kama tuna maabara. Ilipowaka upya ilitaka kwanza kujua jina lake yenyewe, ikawauliza wageni, wakasema hawalijui. Na orodha nzima ilikuwa ndani yake! Nikairekebisha ijiulize yenyewe, nikaiwasha tena, na kompyuta zikaanza kuitikia moja baada ya moja, jengo zima. Machozi yalinilengalenga, sikuona haya.

Aliyeielekeza nje ni mimi. Ijumaa mhasibu alilalamika kwamba intaneti inasuasua, nami nikabadilisha ili nionekane hodari. Hilo nimeshalikiri kwa mkurugenzi. La pili sijawahi kumwambia mtu. Miaka miwili iliyopita, uongozi uliponiuliza kama karani wa masjala bado anahitajika, niliandika kwamba hapana, na kadi zitupwe. Umekuwa ukimlaani mkurugenzi kila ukoo unapokutana, nami nakumiminia chai huku natikisa kichwa. Aliyekustaafisha kabla ya wakati ni mpwa wako, Mjomba. Sista ndiye aliyekataa kuzitupa, akazificha.

Nikaripie ukitaka, unisamehe ukiweza. Yote mawili ni haki yako.

Kadi zimerudishwa masjala kwa amri ya mkurugenzi. Ila droo ya herufi M inakwama. Jana nimehangaika nayo nusu saa, nikashindwa. Sista anauliza, nami nauliza pamoja naye: ulikuwa unaifunguaje?

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mpwa wako, uliyemfundisha herufi kwa kadi hizohizo.