Nimemsingizia Mama kwa Sababu ya Hita

Jumamosi jioni, Columbia Heights, hapa Marekani. Nje theluji imeganda kuwa barafu, ndani kuna joto zuri, na mimi sijui niufiche wapi uso wangu.

Nimemsingizia mama yangu mzazi. Mbele ya watu.

Asubuhi tuliamka nyumba imepoa kama friji. Hita yetu ya gesi ya ukutani ni ya zamani, na kile kimoto kidogo cha chini, kinachotakiwa kuwaka muda wote, kilikuwa kimezimika. Mama, aliyekuja kutoka Mombasa kunitembelea, alikuwa amejifunga leso mbili juu ya sweta. Akaniambia nimpigie mwenye nyumba. Nikamwambia atulie, hapa si kwetu, asiguse kitu. Nilisema kwa ile sauti yetu sisi tuliokaa Marekani tukajiona.

Kina mama wa fellowship walikuwa wanakuja kwangu mchana, kuomba na kula pilau. Sikutaka wanikute kwenye baridi.

Kwenye kifuniko cha hita kuna kibandiko: funga gesi kabisa, subiri dakika kadhaa, nusa hadi karibu na sakafu, ukisikia harufu usiwashe chochote, toka nje ndipo upige simu. Sikukisoma. Niliishika ile swichi ya kuzungusha nikafanya kama nilivyozoea na meko ya mtungi wa gesi kule kwetu: ikikataa, jaribu tena. Nikabonyeza, nikashikilia, cheche hakuna. Tena. Na tena. Kumbe kila nikishikilia, gesi inatoka tu.

Harufu ilipojaa sebuleni nikafanya wanachofanya kwetu wageni wakiwa njiani na nyumba inanuka. Nikatoa chetezo nifukize udi.

Kiberiti kilikuwa mkononi. Mimi, nesi, ninayewafundisha wafanyakazi wapya wasiwashe moto karibu na mgonjwa wa oksijeni!

Wanjiru, rafiki yangu wa fellowship, ndiye aliyetuokoa. Alifungua mlango, akasimama. "Haki kuna gas hapa! Wacha hiyo kiberiti, tokeni nje!"

Tulitoka mbio, Mama na kandambili zake kwenye theluji. Wenzetu waliokuwa wanafika wakatukuta huko, Wanjiru akiwa kwenye simu na watu wa gesi. Fundi wa gesi alikuja, akafunga, akafungua madirisha, akapima hewa, akangoja, kisha akaiwasha. Hakufoka. Aliuliza tu ni nani aliyekuwa akiishika hita.

Wote wakanitazama. Wote ni watu wa kazi za wagonjwa, na wengine niliwafundisha mimi.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ni mama yangu, ni mgeni, hajazoea.

Mama hajui Kiingereza kingi, lakini hicho alikielewa. Alinitazama kidogo tu. Kisha akawageukia wenzangu akicheka: "Nisameheni wanangu, sisi tumezoea makaa." Wakacheka naye, wakamkumbatia, wakampa pole. Pilau ikaliwa.

Walipoondoka, Mama aliniomba ruhusa ya kuwasha jiko achemshe chai. Mama yangu, aliyenifundisha kupika! Aliuliza akiwa amesimama mbali na jiko, mikono ameiweka nyuma.

Nikaingia chumbani nikalia. Nikachukua simu nikawarekodia kina mama ujumbe kwenye grupu letu: si Mama, ni mimi niliyeigusa hita, na ni mimi niliyetaka kuwasha udi juu ya gesi. Nikautuma. Kisha nikarudi jikoni kumwambia Mama kwamba nimeshasema ukweli. Niseme tu wazi, nilitarajia kukumbatiwa.

Alinimiminia chai kwanza.

"Wakati wa kunisingizia nilikuwepo," akasema. "Wakati wa kunisafisha, mbona umejifungia chumbani?"

Chai imepoa mbele yangu.

Nimewaalika tena Jumamosi ijayo, wote waliokuwa pale. Kabla ya maombi, kabla ya chakula, nitasimama niseme. Kwa Kiswahili, na Mama akiwa amekaa mbele yangu.