Sifuri Kabla ya Kulala

3 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo? Baridi ya huko kambini umeizoea? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Daktari kanipima presha, kanitazama tumbo, kasema, "Mama dobi, punguza mwili, au utamfuata dada yako." Utadhani niliomba kunenepa. Unakumbuka mama yako mkubwa alivyoanguka akipiga pasi. Nikifumba macho namwona.

Basi ile karatasi uliyowaandikia wanariadha wako nimeibandika ukutani. Kufua kwa mikono saa moja, kalori mia mbili. Kupanda ngazi nusu saa, mia mbili na nusu. Mashine ya kufulia nimeizima, wasichana wangu wa kazi wananicheka. Nikila elfu moja na mia nne, nachoma elfu moja na mia nne. Zikibaki hamsini, naruka kamba chumbani mpaka iwe sifuri, ndipo nalala. Duka hili la dobi nimelijenga peke yangu, hakuna aliyenishika mkono. Hesabu hiyo itanishinda?

Mama yako

14 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako imeletwa leo na lori la chakula, na tangu niisome sijatulia. Acha, Mama. Mwili unachoma wenyewe hata ukiwa umelala: moyo unadunda, mapafu yanavuta hewa, damu inapata joto. Kwa umri wako ni kama elfu moja na mia tatu kwa siku, kabla hujanyanyua hata ndoo. Chakula chote ukikimaliza kwa kazi, moyo na mapafu vitakula nini? Wakimbiaji wangu ni vijana, na bado wangeanguka. Kula vizuri, tembea kidogo, basi. Huku simu haishiki, na lori halishuki mpaka wiki ijayo. Naomba ikukute salama.

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Jibu lako sijalipata, au umenisusa? Nimepungua kilo sita. Wasichana wameacha kucheka. Leo nikiwa kwenye pasi meza ilizunguka, nikajikuta sakafuni, shati la mteja linafuka moshi. Vilevile kama dada. Naogopa, mwanangu. Nimeona sichomi vya kutosha. Kuanzia kesho nakula mia nane tu.

Mama

21 Machi

Mama yangu,

Nimesoma ulivyoanguka, nikaomba kuja; kocha mkuu kaninyima ruhusa, tumegombana. Huyu aliyekuletea barua hii na ile ya tarehe 14 ni dereva wa lori. Nimemwambia asitoke hapo mpaka akuone umekula. Nakusihi, usibishane naye.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Huyo dereva wako ana adabu gani? Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini. Nikamwambia sina njaa. Akasema, "Basi mama, leta nile mimi, wewe unitazame." Nikala kwa hasira. Nilipomaliza sahani hofu ikanishika, nikainuka kuifuata kamba. Akasema, "Kalale."

Nikalala mchana, mimi, mlango wa duka uko wazi. Nikaweka mkono kifuani nikisubiri kufa kama dada. Moyo ukawa unadunda tu, polepole, sijauambia neno. Tangu nianze kuajiri watu sijapata mfanyakazi wa hivyo, wa kuchapa kazi bosi amelala.

Bado naogopa. Jioni nimekula tena.

Mama yako