Nyangumi wa Mwezi wa Pili

Lubumbashi, Jumapili, tarehe 16 mwezi wa saba 2023
Asubuhi: baridi kali, hakuna wingu, vumbi jekundu juu ya kila kitu.

Mdogo wangu Sylvain,

Nakusalimu kutoka Kamalondo. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo unaonisumbua kila mwaka baridi inapoingia. Wewe je, kifua kimepona? Unakula?

Jana nilikwenda kwa kina Lydie. Baba na mama hawapo tena, na tonton Kasonde, mjomba wetu, amekwama mpakani Kasumbalesa na malori yake, kwa hiyo nimekubali kuwa shibukombe wako mimi mwenyewe, yaya yako, dada mkubwa. Nitabeba maneno ya ndoa kati ya nyumba mbili, na siku maneno yakiharibika ni mimi nitakayeitwa kujibu. Walishangaa kuona mwanamke. Ba Mapalo, mjomba wa Lydie, aliuliza kama wanaume wa kwetu wamekwisha. Nikamwambia wamebaki, lakini hawajui kuweka tarehe.

Halafu akaniuliza kazi yako.

“Anatembeza watalii baharini kuona baleine, yaani nyangumi,” nikasema.

“Anazivua?”

“Hapana. Wanaziangalia.”

“Banaziangalia, kisha?”

“Kisha wanarudi.”

“Bazungu banamulipa muntu juu ya kuenda na kurudia?” Akamgeukia mke wake. “Mama, na miye naenda kila siku pa soko na narudia. Juu ya nini hakuna mwenye ananilipa?”

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nilikaa pale na mkoba wangu juu ya magoti kama mtu aliyekuja kuuza nguo zilizochanika. Sylvain, uliniandikia kazi hii kwa mistari miwili tu. Shibukombe hawezi kusimama na mistari miwili. Niandikie yote, kwa utaratibu. Unajua kwamba kila unachonieleza nakinakili katika daftari langu la siku. Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa WhatsApp kama kawaida.

Yaya yako,
Mwelwa


Plettenberg Bay, Afrika ya Kusini, 6/8/2023

Ba yaya,

Jambo sana. Kifua kimepona, nakula vizuri, ila hapa bukari yao ya unga wa mahindi ni nyepesi kama uji. Pole kwa mgongo. Funga kitenge kizito ukienda kazini.

Kazi ni hii. Saa moja asubuhi nawakuta watalii sita kwenye mchanga. Tuna mitumbwi ya plastiki, miembamba, inaitwa kayak. Wao wanakaa wawili wawili katika mitatu, mimi niko peke yangu katika wa nne. Nawavika jaketi za kuelea, nawafundisha kushika kasia, na nawaambia sheria moja kabla ya nyingine zote: nyangumi akitokea karibu, tunakusanya mitumbwi ubavu kwa ubavu, kila mtu anashika mtumbwi wa jirani yake, tunanyamaza, hakuna anayepiga kasia mpaka apite. Serikali inatukataza kumfuata. Tunabaki mbali, mita mia tatu. Lakini mita hizo tunazijua sisi, yeye hazijui. Akija mwenyewe, tunangoja.

Ni nyangumi wenye nundu. Mgongo unapanda polepole, unaufikiri umekwisha, bado unapanda. Akipumua karibu, harufu yake ni ya mboga ya sombe iliyosahauliwa jikoni siku tatu. Waambie kina Mapalo hiyo, watacheka zaidi.

Mwezi wa sita na wa saba wanapanda kwenda maji ya joto kuzaa. Tangu wa nane hadi wa kumi na moja wanashuka na watoto wao, wanarudi kusini kwenye barafu. Baada ya hapo hakuna hata mmoja mpaka mwezi wa sita mwingine, na sisi tunawaonyesha watalii pomboo na sili. Kwa hiyo kazi iko mwaka mzima. Mwambie ba Mapalo kwamba watu sita kila asubuhi wanaweka maisha yao nyuma ya mgongo wangu.

Msalimie Lydie, ingawa tunaongea.

Mudogo wako,
Sylvain


Plettenberg Bay, 29/10/2023

Ba yaya,

Jambo. Natumaini mgongo umetulia sasa joto limeanza. Mimi sijambo. Samahani kwa kimya, mtandao ni mbaya, usijisumbue kunipigia.

Kazi inaendelea. Jana tuliona watatu, bahari ilikuwa imelala.

Mudogo wako,
Sylvain


Lubumbashi, Jumapili, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, barabara yetu imekuwa mto.

Mdogo wangu Sylvain,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima. Wewe uliandika Noeli kwamba una mafua, yamekwisha? Unavaa kitu kikavu ukitoka majini?

Jana nilifanya ziara ya pili kwa ba Mapalo, viatu mkononi, maji mpaka kifundo cha mguu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama nikasema kila kitu kama ulivyoandika: watu sita, mitumbwi minne, sheria ya kushikana. Nilisema, “Mtoto wetu ni mtu ambaye wageni wanaweka maisha yao nyuma ya mgongo wake.” Nilisema vizuri, najijua.

Ba Mapalo akaniuliza: “Na ile kazi, shibukombe, ingali inaendelea?”

“Inaendelea,” nikasema. “Barua zake ninazo.”

Mke wake akaziba mdomo kwa kitenge. Lydie akaondoka kwenda jikoni na hakurudi mpaka nilipoaga. Nimechoka na watu hawa, Sylvain. Nawaletea maneno yaliyonyooka na wao wanacheka. Inaonekana mwanamume angesema hayo hayo wangepiga makofi.

Hata hivyo wametaja mwezi wa tano kwa mahari. Jiandae.

Yaya yako,
Mwelwa


Plettenberg Bay, 11/2/2024

Ba yaya,

Jambo sana. Mafua yamekwisha, aksanti. Pole kwa mvua na pole kwa kina Mapalo, usiwakasirikie, ni watu wazuri.

Hapa kila kitu sawa. Jana asubuhi tulimwona mama na mtoto wake, walikuja karibu sana, watalii walilia kwa furaha. Tulishikana mitumbwi, tukangoja, wakapita. Nilikukumbuka.

Mudogo wako,
Sylvain


Lubumbashi, Jumapili, tarehe 25 mwezi wa pili 2024
Asubuhi: ukungu, halafu jua kali.

Sylvain,

Nakusalimu. Natumaini u mzima.

Nilinakili barua yako kama kawaida, na mkono ukasimama. Nikafungua daftari la mwaka jana, tarehe 6 mwezi wa nane. Ni maneno yako: baada ya mwezi wa kumi na moja hakuna hata mmoja mpaka mwezi wa sita mwingine. Nilikwenda cyber na kusoma saa nzima kuhusu nyangumi wenye nundu. Uliandika kweli mwaka jana. Mwezi wa pili wako kwenye barafu.

Basi ni mama gani, na mtoto gani, waliokuja karibu yako tarehe 10?

Nimesoma upya barua zako zote tangu mwezi wa kumi. Zinafanana. Bahari imelala, watalii wamefurahi. Hakuna jina la mtu, hakuna hata harufu ya sombe. Nilikuwa nazinakili kwa wino mzuri.

Mara mbili nimesimama mbele ya nyumba ile kwa niaba yako. Nijibu.

Mwelwa


Lubumbashi, Jumapili, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024
Asubuhi: mvua.

Sylvain,

Siku kumi na nne. Nimepiga mara tisa. Kama u mgonjwa, mwambie mtu aniandikie.

Yaya


Plettenberg Bay, 24/3/2024

Ba yaya,

Jambo. Mimi ni mzima. Samahani kwa simu, niliziona zote.

Tarehe 14 mwezi wa kumi tulitoka na watu sita kama siku zote. Bahari ilikuwa nzuri. Tulikuwa tunageuza kurudi, nyangumi akatokea kati yangu na wao. Si mbali, kama kutoka mlango wako hadi bomba la maji. Mgongo ulipanda na haukumalizika. Sikuona tena mitumbwi mingine, niliona ukuta mweusi unaotoa maji.

Yaya, nilikimbia. Sikufikiri kitu. Nilipiga kasia mpaka mtumbwi ukagonga mchanga, na hata hapo mikono ilikuwa bado inapiga. Ndipo nikageuka. Wale sita walikuwa kulekule, mitumbwi yao ubavu kwa ubavu, kila mmoja ameshika mtumbwi wa jirani, wamenyamaza, wanangoja. Walifanya kama nilivyowafundisha. Mimi tu sikufanya.

Hakuna aliyeumia. Nyangumi alipita. Walirudi wenyewe, na bibi mmoja mwenye miaka kama sabini aliniuliza kama niko sawa. Patron, mwenye mitumbwi, hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nikampa filimbi na kadi yangu.

Tangu siku ile naosha vyombo katika mgahawa. Nataka kulipa mahari kwa pesa za kazi, si za maneno. Nilitaka kukuambia kila Jumapili. Nilikuwa naanza barua, halafu naandika nyangumi.

Fanya unachoona ni sawa kwa kina Mapalo.

Mudogo wako,
Sylvain


Lubumbashi, Jumapili, tarehe 7 mwezi wa nne 2024
Asubuhi: mawingu mepesi, mvua inaelekea kuisha mwaka huu.

Mdogo wangu Sylvain,

Nakusalimu. Nimefurahi kwamba uko mzima. Ningeanza na hilo hata kama ningekuwa na hasira mara mbili ya hii.

Jana nilikwenda kwa ba Mapalo. Wiki mbili nilitafuta njia ya kusema. Nilivaa kitenge changu cha matanga, kwa sababu nilidhani nakwenda kuzika ndoa yako. Nilikataa kuketi. Nikaanza: “Nilileta hapa maneno yasiyo ya kweli...”

“Keti, shibukombe,” akasema. “Kama ni ya kukimbia, shiye tunajua.”

Nikaketi.

“Tangu mwezi wa kumi tunajua. Alimupigia Lydie simu siku ile ile. Lydie akatuletea simu hapa, miye na mama tukamusikia kwa masikio yetu. Alilia, mutoto wa bantu. Miye nikamuambia: kijana, baleine ikitokea mu barabara ya Kamalondo, hata askari anakimbia. Miye ningekimbia mbele yako!” Mke wake akacheka, safari hii bila kitenge. “Muntu mwenye anakimbia na anasema alikimbia, yule tunamupatia mutoto yetu. Ile ilikwisha.”

Nikashukuru. Nikafikiri nimepona.

“Lakini weye,” akasema. “Mu mwezi wa kwanza ulisimama pale, ukatuambia kazi inaendelea. Mama alikuwa anacheka juu ya kuona haya. Tulisema: ule mwanamuke anatudanganya na macho yake wazi.”

“Sikujua, ba Mapalo. Nimejua mwezi uliopita.”

Nilitamani acheke.

“Ile njo mubaya zaidi, mama. Kama ulidanganya, tungekugombeza, ikwishe. Lakini shibukombe mwenye hajui? Kesho Lydie na bwana yake bakigombana, tutakuja kukuuliza nini? Kijana tunamupenda. Mutuletee muntu mwingine wa kusema.”

Hakusema kwa ubaya. Mke wake alinipa chai. Nimebeba ndoa hii miezi tisa, mvua na vumbi, nimechekwa, nimejibu. Wewe uliyekimbia umepokelewa. Mimi niliyesimama nimefukuzwa.

Katika barua yako yote ile ndefu hukupata nafasi ya mstari mmoja: Lydie anajua. Uliniacha niende na kitenge cha matanga.

Lydie alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Alisema ulimwapisha. Nikamuuliza kwa nini wao waambiwe siku ile ile, watu usiowajua, na mimi niliyekulea nipewe nyangumi. Akageuka kurudi nyumbani. Nikamshika mkono. Akasema: “Anasema yaya hapigi kelele. Anaandika tu katika daftari, na maneno yanabaki.”

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, taksi zikiniita.

Nimempigia tonton Kasonde na amekubali. Nimemwandikia karatasi moja: majina ya watu wa nyumba ile, nani anakaa wapi, nani anasema kwanza, na kwamba ba Mapalo hapendi kukatizwa. Atakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Mimi nitakuja siku ya ndoa na kukaa na wageni wengine.

Nina miezi minne ya nyangumi wako ndani ya daftari na sijui hata siku moja ya maisha yako. Sijui unalala wapi. Sijui mafua yale ya Noeli yalikuwa mafua au ni nini, na kama kuna mtu aliyekuchemshia maji. Sitaki uniandikie. Nipigie simu leo, saa yoyote. Kalamu nitaiacha katika chumba kingine.

Yaya yako,
Mwelwa


Lubumbashi, Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa nne 2024
Asubuhi: mvua ndogo, imekatika saa moja.

Sylvain,

Natumaini umeamka vizuri.

Barua ya jana uliisoma saa mbili na dakika ishirini ya usiku; nimeona alama mbili za bluu. Hukupiga.

Nilikaa na simu mpaka saa tisa kasoro robo ya usiku, ndipo nikalala.

Yaya