Nabhi Maana Yake Kitovu

Jumanne, 3 Septemba 1974
Gurudumu la mkokoteni wa kijiji limepasuka katikati. Na ndio wa kumpeleka hospitali Veneranda, anayekaribia kujifungua! Wanawe wawili wa kwanza walikufa kwa pepopunda, kila mmoja siku ya saba. Mama mkwe wake, Bibi Apolinaria, hupaka vitovu samadi. Nimemsihi aache. Anasema nesi wa juzi hawezi kumfundisha kulea.

Alhamisi, 5 Septemba
Nilikuwa nafuata dawa Tabora, mwenyekiti wa kijiji akanibebesha na gurudumu. Treni kutoka Tura ilichelewa. Nimempata seremala mtaa wa Mtendeni — Mzee Kanji, Mhindi. Akaligonga katikati, akasema nabhi imekufa. Nabhi ndiyo nini? Akajishika tumbo, akacheka. Ni Kisanskriti, lugha ya vitabu vya dini yao. Kitovu cha mtu ni nabhi, na pale spoki zote zinapokutana ni nabhi. Nikamwambia hata sisi husema kitovu cha mji. Alifurahi sana. Halafu akaweka randa chini.
“Ndugu wa ukoo mmoja pia nabhi, binti. Neno lilelile.”
Gurudumu litakuwa tayari wiki ijayo.

Jumatatu, 9 Septemba
Alfajiri Veneranda kajifungua, nyumbani. Wa kike. Nimekata kitovu kwa wembe niliouchemsha. Bibi alikwisha kuandaa samadi. Nikamweleza maneno ya Mzee Kanji, nikaongeza yangu: uchafu ukiingia katikati, gurudumu zima linaharibika.
“Mbona mnalipaka grisi?” akauliza.
Nikamwambia basi, ya magurudumu siyajui, najua watoto niliowazika. Akauliza wangapi. Kumi na mmoja.
“Na wajukuu wangu wawili,” akasema. Samadi akaitoa nje mwenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba
Kitovu kikavu. Ananyonya. Bibi ananawa kwa sabuni kabla ya kumshika — leo sikumkumbusha.

Jumapili, 15 Septemba
Siku ya saba. Bibi kanifuata kabla ya misa, hana hata kanga ya kichwani. Nilikimbia. Mtoto analia kwa nguvu, mdomo unafunguka vizuri, taya halijakaza kama la mwenye pepopunda. Kumbe ni kitovu tu, kimebaki kuning'inia.
“Nifanye nini, nesi?”
Hajawahi kuniuliza. Nimemwambia tusikiguse, tungoje. Hatari haijapita, hilo nalo nimemwambia. Misa imetupita. Tuko mkekani, Veneranda kasinzia, bibi kampakata mjukuu. Naandikia gotini. Sasa mtoto anatafuta ziwa tena —