Misumari ya Shaba

Kilwa Masoko

Mdogo wangu Zuhura,

Natumaini hii inakukuta u mzima, mama presha yake imetulia, na wanao bado wanakusumbua kama kawaida yao. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, zaidi ya hapo sina la kujisifu. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya nyumbani ni redio: ukiongea na mmoja, mtaa mzima unaitikia. Hii isome peke yako, halafu mama umwambie kwa maneno yako. Nimempa dereva wa gari la samaki ailete Sudi. Baba anarudi huko Ijumaa, na kabla hajafika nataka ujue anarudi na nini.

Nianze mwanzo, maana mama atakuuliza. Ile boti ya alumini nilipewa bure hapa kiwanda cha barafu ninapofanya kazi. Iliachwa na kambi ya watalii wavuvi iliyofungwa, ikalala kwenye magugu mpaka kuku wakataga ndani. Watu waliiita sufuria. Nikasema acha waseme, nitaitengeneza, Jumapili niwapeleke mke wangu na watoto Kisiwani wakapunge upepo. Baba aliposikia akapanda basi kutoka huko na kapu lake la vyombo, amevaa kofia mpya kama bwana harusi.

Baba amejenga mashua za mbao maisha yake yote, na boti ile aliitengeneza kama mashua. Nyufa aliziziba kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, nyumba ikanuka wiki nzima, mke wangu Mwajuma analalamika huku anacheka. Ribiti zilizolegea, zile pini za kushikanisha mabati, alizing'oa, akapiga misumari ya shaba. Ya chuma alikataa katakata. “Chuma kinashika kutu,” alisema, “na wajukuu zangu siwapandishi kwenye kutu.” Shaba kwetu ndiyo msumari wa heshima, unajua. Tukapaka rangi ya buluu, ikapendeza, wale wa sufuria wakanyamaza.

Tulitoka nayo Jumapili nyingi. Tulikula pilau Kisiwani, Rehema wangu amekaa mbele kule anaimba nyimbo za shule. Siku nyingine zote boti ilikuwa inalala majini. Siku ile tunarudi, bahari haikuwa na wimbi la kutisha, bati la chini likafunguka pale pale mbele. Maji hayakuingia kidogo kidogo. Nilimshika mwanangu Athumani, Mwajuma akashika dumu la mafuta. Baba alipiga mbizi kumtafuta Rehema mpaka wavuvi wakamvuta kwa nguvu, anatapika maji na bado anataka kurudi chini. Mazishini ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia.

Msibani kila mtu aliniambia kazi ya Mungu haina makosa, na baba alisema hivyo kuliko wote. Wavuvi waliikokota boti mpaka ufukweni, baba akakataa kurudi Sudi, akaanza kuitengeneza upya. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia tuiuze kwa watu wa chuma chakavu. Akasema hapana, Athumani sasa anaogopa hata maji ya ndoo, na dawa yake ni kurudishwa baharini akiwa na babu yake. Akanunua misumari mingine ya shaba, safari hii ya kupiga karibu karibu, ili isifunguke tena.

Ndipo fundi wa kuchomelea wa pale kiwandani alipokuja kuitazama. Alikwangua rangi kwa bisibisi. Kuzunguka kila msumari bati lilikuwa limegeuka unga mweupe. Alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikapita. Akanivuta pembeni: “Kaka, shaba na alumini kwenye maji ya chumvi hazikai nyumba moja. Shaba inamla mwenzake. Nani aliwawekea hii?”

Nilikaa na neno lile. Nikisema, namuua baba. Nikinyamaza, anampakia Athumani. Mwisho nilimfuata baada ya alasiri, yuko anapima mahali pa msumari.

“Baba, usiweke shaba.”

“Niweke nini, chuma?”

“Shaba inakula bati. Ndiyo iliyoifungua boti.”

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. “Babu yako alipiga shaba. Baba yake alipiga shaba.”

“Kwenye mbao, baba.”

Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe, hapa, na pale, na pale. Kisha akakaa mchangani. Akaniuliza kama Mwajuma anajua. Nikasema hajui. “Basi nitamwambia mimi. Usinitangulie.”

Alimkuta uani anachambua mchele. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, mkwe mbele ya mke wa mwanawe, akasema: “Mwanangu, Rehema nimemuua mimi, kwa misumari yangu.” Mwajuma aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. Kisha akaingia ndani.

Hakumtukana. Anampikia, anamfulia, maji ya kuoga anamwekea. Lakini hamwamkii. Tangu siku ile shikamoo haijamtoka kinywani, na Athumani amemwiga mama yake. Asubuhi baba anasimama mlango wa jikoni, anakohoa kidogo, anasubiri, anaondoka. Nilitaka kumgombeza Mwajuma, baba akanikataza. “Shikamoo ya kulazimishwa sitaiitikia.” Na mimi namwamkia, lakini natazama pembeni. Nampenda na nina hasira naye, vyote viwili, wala sijui nianze na kipi.

Boti imekatwa vipande, imekwenda na gari la chuma chakavu.

Msalimie mama, mwambie asinililie mimi. Msalimie shangazi yetu Binti Hamisi, na mwalimu wa madrasa, naomba amsomee Rehema dua. Shemeji, mumeo, akampokee baba stendi ya Lindi, asiachwe kubadilisha gari peke yake. Na wewe, akifika mlangoni, mwamkie kabla hajatua mzigo. Wanao nao watoke wote, wamwamkie mmoja mmoja, hata yule mdogo asiyejua kutamka. Asisubiri.

Ni mimi kaka yako,
Selemani